Chai ya Tarehe Kumi na Moja Juni

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, Mwalimu Edvina wa Miembeni, mjini Bukoba, huchemsha maji. Humimina kidogo kwenye birika lake la kauri, akalizungusha mara tatu ili lipate moto, kisha akayamwaga kwenye beseni la kuoshea vyombo, kwa kuwa alifundisha sayansi kimu miaka thelathini na mmoja na hamwagi maji bure. Halafu huweka majani vijiko viwili, hujaza maji, hufunika, na kulivisha birika kofia ya uzi wa kijani aliyoifuma mwenyewe. Husubiri dakika nne akiangalia saa ya ukutani. Majirani zake, ambao huchemsha majani, maziwa, sukari na tangawizi humo humo kwenye sufuria moja, humwona mtu wa maringo, na hawajakosea sana.

Wiki ya tatu baada ya kumzika mama yake, Edvina alifungua bati la biskuti alilorithi. Ndani mlikuwa na vipakiti ishirini na sita vya karatasi za daftari, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa penseli. Yalikuwa majani ya chai ambayo mama yake, Ma Kokugonza, aliyachuma kwa mkono wake kule kijijini Muleba, akayanyausha juu ya mkeka, akayavingirisha kwa viganja na kuyakausha kwenye kikaango kwa moto mdogo. Edvina alichukua kipakiti cha juu na kupika kama kawaida. Ilipofika dakika ya tatu, mama yake akazungumza kupitia mdomo wa birika.

"Jua hili litanimaliza," alisema mama. "Na wewe mbuzi, toka kwenye chai yangu! Huna kwenu?"

Edvina alivua ile kofia ya uzi ili asikie vizuri. Mama aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa Bikira Maria, akamgombeza yule mbuzi tena, akapiga chafya. Chai ilivyozidi kupoa ndivyo sauti ilivyopungua, na ilipokuwa vuguvugu ikakoma. Edvina akanywa, akaosha chujio, akachukua daftari na kuandika tarehe ya kipakiti, kiasi cha majani na yote yaliyosemwa.

Kabla ya juma kwisha alikuwa ameshaelewa utaratibu. Marehemu hakuwa akimjibu mtu. Jani lilikuwa limehifadhi yaliyosemwa juu yake siku lilipochumwa, na maji ya moto yaliyaachia. Ilihitajika chai ya majani mazima na chombo chenye mfuniko. Kipakiti kikishapikwa, maneno yake yamekwisha, maana ukirudia kumimina maji hupati kitu zaidi ya rangi. Kipakiti cha Septemba 10, 2016, siku ya tetemeko, alikipika mara moja tu. Vikombe viwili vilianguka vikavunjika, na kingine cha tarehe hiyo akakifungia kabatini.

Mwenzake wa chai ya saa kumi alikuwa Mwamvita, jirani yake, mwenye duka la vyombo hapo hapo Miembeni. Yeye ndiye aliyemuuzia Ma Kokugonza lile birika zamani, na hakuacha kulitetea.

"Kwanza usiliite birika, mwalimu," alisema kila alipokaribishwa. "Hili ni buli. Birika ni lile linalokaa jikoni juu ya moto. Unasomesha watu miaka yote hiyo, buli hulijui!"

Siku aliposikia sauti ya Ma Kokugonza kwa mara ya kwanza, Mwamvita alimtakia rehema, akaomba kikombe kijazwe. Kesho yake alileta pakiti ya chai ya dukani, ile ya vumbi, wajaribu. Buli likatoa kelele kama za sokoni siku ya gulio: wanawake mamia wakisema kwa pamoja, na hakuna neno lililoshikika.

"Maskini, wamesagwa pamoja," alisema Mwamvita. "Hakuna anayemsikia mwenzake."

Sasa ni lazima isemwe kwa nini Edvina alikuwa akivipekua vile vipakiti kwa pupa isiyo ya kawaida yake.

Chini ya kibanja cha baba yake, shamba la ukoo, pale migomba inapoishia, palikuwa na rweya, nyika ya majani mafupi ambayo haikuwa ya mtu. Wanawake wa kijiji walilima njugu mawe hapo na kuhama. Ma Kokugonza, baada ya kufiwa na mumewe, alipanda hapo michai mia mbili na kumi na miwili. Alibeba samadi kichwani miaka tisa mpaka udongo ukakubali. Michai iliposhika, mkuu wa ukoo wa mumewe, Ta Buberwa, alishuka siku moja kuitazama, akatamka kwamba chai hiyo ni ya Kokugonza na akifa ni ya Edvina, mwanawe wa pekee. Miaka mitano baadaye mwana wa Ta Buberwa, Nathanael, anayeuza saruji Mwanza, alisikia kwamba chai ina soko, akaitaka ile michai. Ta Buberwa akasahau.

Ma Kokugonza alimkumbusha mbele ya kikao cha ukoo. Ta Buberwa akasema hajawahi kutamka neno kama hilo. Kikao kikaona kwamba mwanamke amemsingizia mkubwa wa ukoo, kikamtoza faini ya mbuzi mmoja na debe la lubisi, pombe ya ndizi. Alilipa. Toka siku hiyo watu walimwita mwongo, si kwa ubaya, bali kama mtu anavyoitwa mrefu au mweusi. Alizikwa akiwa na jina hilo. Padri alimsifu kwa bidii, unyenyekevu na ukarimu, na alipofika kwenye ukweli akakohoa.

Jambo hilo lilimchoma Edvina kuliko michai yenyewe. Michai aliitaka, ndiyo. Lakini alichokitaka kwanza, alichokiota na kuamka nacho, ni mtu asimame aseme kwamba mama yake hakudanganya.

Kipakiti cha kumi na tisa kilikuwa kinene kuliko vyote. Juu yake iliandikwa: "11 Juni 2016, Jumamosi. Siku aliyokuja Ta Buberwa." Edvina aliinuka kwenda kuchemsha maji. Kwa akili ya kiualimu, alijizuia. Alitaka shahidi wa ukoo, akamwita shangazi yake Vestina, dada yao Ta Buberwa na marehemu baba yake, mwanamke mkweli asiyependa ugomvi.

Hapo likatokea kosa ambalo mtu wa kwetu hawezi kulikwepa. Shangazi Vestina alifika asubuhi na mapema, akamkuta Edvina ametoka kwenda kununua mkate. Akaona majani mezani. Mgeni wa heshima kwetu hapewi chai ya maji, na Vestina alijihesabu kuwa mgeni wa heshima, kwa hiyo akaamua kumpunguzia mwenyeji kazi. Alitia sehemu kubwa ya kipakiti kwenye sufuria ya maziwa, akaongeza tangawizi na iliki, akachemsha mpaka ikafura mara mbili. Sauti zilitoka, lakini kama watu wanaoongea chini ya godoro. Edvina aliporudi na mkate wake alisikia jina lake mara moja, kisha kicheko kilichozibwa na utando wa maziwa.

"Chai zenu za mjini zina makelele," alisema Shangazi Vestina, na alikuwa kwenye kikombe cha pili.

Edvina aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akalia. Kipakitini yalibaki majani ya buli moja tu.

Alikwenda kwenye ofisi moja inayoshughulikia mambo ya ardhi, akaeleza. Karani alimsikiliza kwa adabu, akafungua kitabu cha taratibu. Alisema chai inapokelewa kama kielelezo, hakuna tatizo, ila kielelezo chochote lazima kiwe na nakala tatu: moja ya mlalamikaji, moja ya mlalamikiwa, na moja ya jalada. Edvina alieleza kwamba ana majani ya buli moja tu. Karani alisikitika kwa dhati, akamshauri aende akatafute nakala nyingine mbili.

"Basi ipike mbele ya ukoo," alisema Mwamvita jioni hiyo. "Unangoja nini?"

"Nikiipika imekwisha," alisema Edvina. "Kuna kicheko chake humo. Nimekisikia kwenye maziwa. Mama hakuwa mtu wa kucheka, Mwamvita. Vipakiti vyote nilivyopika hajacheka hata kimoja. Nikiimaliza siku ile, sitamsikia tena akicheka."

Mwamvita alilichukua buli, akalifuta kwa upindo wa khanga.

"Mwalimu, kicheko ukikiweka kabatini kinamfaa nani?" alisema. "Na yeye amelala huko na faini juu yake."

Jumapili baada ya misa, Edvina alilipakata buli toka Bukoba, akapita nalo Kemondo, akafika nalo Muleba salama. Kikao kilikuwa nyumbani kwa Ta Buberwa. Sebuleni yalitandazwa majani mabichi kama ilivyo ada, na wazee kumi na watatu walikwisha kukaa, wakipitisha kikapu kidogo cha akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna kabla hajasema lililomleta. Mwesiga, katibu wa ukoo, alikuwa na daftari la mihtasari na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nathanael alikuwepo, amevaa suti.

Ajenda ya kwanza ilikuwa paa la kikanisa. Ya pili ilikuwa harusi. Ya tatu iliandikwa, "Mwalimu Edvina, chai."

"Kasinge, waitu," alisalimia Edvina kwa Kihaya, akapiga goti kidogo kwa wazee. "Naomba maji ya moto."

Maji yalikuja. Nyuma ya maji akaja Shangazi Vestina, uso umejaa upendo, amebeba jagi la maziwa lenye lita tatu.

"Shangazi, nakuomba sana," alisema Edvina. "Leo bila maziwa."

"Wazee wanywe chai kavu? Katika nyumba ya kaka yangu?"

"Leo tu, shangazi."

Vestina aliketi kwenye kona na jagi lake mapajani, amenuna. Edvina alilipasha moto buli, akazungusha mara tatu, akamimina majani yote hata vumbi lililobaki kwenye mikunjo ya karatasi. Alijaza maji, akafunika, akavisha kofia. Wazee walisubiri. Dakika ya tatu mzee mmoja, ambaye sikio lake la kulia halifanyi kazi, aliomba sauti iongezwe, na kofia ikavuliwa.

"Kokugonza, umeigeuza rweya kuwa bustani," lilisema buli kwa sauti ya Ta Buberwa.

"Nimebeba samadi miaka tisa, shemeji," alijibu Ma Kokugonza. "Shingo imefupika."

"Hii haimo kwenye kibanja. Rweya haikuwa ya mtu. Umepanda wewe, ni yako, na siku ukiondoka ni ya Edvina. Mimi ndiye mkuu wa ukoo, nimesema."

"Utayasema hayo mbele ya watu, Ta Buberwa?"

"Nitayasema hata mbele ya askofu!"

Hapo Ma Kokugonza akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, kicheko kipana cha mtu aliyetua mzigo, na ndani yake kulikuwa na mlio wa majani yakikatwa, tak, tak, maana hakuacha kuchuma. Edvina alifumba macho akakisikiliza chote. Kilipungua kidogo kidogo. Kilipokwisha, alimimina chai kwenye vikombe kumi na vitatu, kila mzee akapata funda moja.

Ta Buberwa alikuwa amesikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Alikunywa funda lake.

"Sauti ni yangu," alisema. "Nilikuwa na mafua siku hizo, lakini ni yangu."

"Niandike hivyo?" aliuliza Mwesiga.

"Andika. Mafua pia uyaandike."

Mwesiga aliandika, na jambo lenyewe akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu: Kokugonza hakusema uongo. Ikafuata habari ya faini. Hapo sheria ya ukoo haina kona. Faini iliyotozwa kimakosa hurudi kwa mkono wa aliyeila, kwa njia ile ile iliyojia, mchana, watu wakiona. Ta Buberwa mwenyewe aliikariri sheria hiyo neno kwa neno, kwa kuwa ndiye anayewafundisha vijana.

Ikabaki michai. Wazee waliijadili kwa utulivu, hakuna aliyepandisha sauti. Walikubaliana kwamba ahadi ilitolewa, imesikika, na iko kwenye muhtasari. Walikubaliana pia kwamba mwanamke huolewa, na kwamba Edvina, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, mjane wa muda mrefu, anaweza kuolewa wakati wowote akaihamishia chai hiyo kwenye ukoo mwingine. Kwa hiyo michai itabaki kwa Nathanael. Mwesiga akaandika hilo nalo, kwa bluu. Hakuna aliyeona kwamba ukurasa ule wa daftari ulikuwa na neno la kuaibisha.

Edvina aliona. Lakini alikuwa ameshasimama, na alikuwa akitazama nje, kwenye uwanja, ambako mbuzi alikuwa akifunguliwa kamba.

Alikuwa beberu mwekundu mwenye ndevu, mkubwa kuliko yule aliyeliwa. Ta Buberwa alimshika kamba, akavaa kofia yake ya sherehe, akatoka. Nyuma yake Nathanael alijitwika debe la lubisi, na suti ikaanza kulowa mabegani. Njia ni ile ile, kutoka kwa Ta Buberwa, kupita kisima, kupita zahanati, kupita miji ya watu ishirini, mpaka kwa marehemu Kokugonza. Wanawake walitoka majikoni na visu vya kumenyea ndizi mikononi. Walipoambiwa mbuzi huyo ni wa nini walipiga vigelegele, na vigelegele vikatangulia mbele, mji hadi mji, kiasi kwamba mbuzi alipofika zahanati wauguzi walikuwa wameshajipanga barazani. Beberu alikataa kutembea mara nne. Kila alipokataa, mkuu wa ukoo ilimbidi ambembeleze hadharani kwa jina la heshima.

Edvina alitembea katikati ya msafara amebeba buli tupu mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba kombe la ligi. Alilia kwa furaha wala hakujificha. Hajawahi kufurahi kiasi hicho, hata siku aliyoajiriwa.

Kaburini, mbuzi alifungwa kwenye mti wa mbuni ulio karibu. Ta Buberwa alivua kofia. Mwesiga akasoma muhtasari kwa sauti, yale ya nyekundu tu: "Kokugonza hakusema uongo." Watu wakamwomba arudie. Akarudia mara tatu, na ya tatu waliisema wote pamoja. Shangazi Vestina, ambaye hasira ilikuwa imemtoka huko njiani, alimwaga maziwa yake yote lita tatu juu ya kaburi, akasema wifi yake hajawahi kunywa chai kavu na hataanza leo.

Baada ya siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyemwita Ma Kokugonza mwongo. Mtoto aliyezaliwa wiki ile kwenye ile zahanati alipewa jina lake. Dukani kwa Mwamvita mabuli yaliisha kwa siku nane, akaagiza mengine, na kila mnunuzi alifundishwa tofauti ya buli na birika kabla hajarudishiwa chenji.

Nathanael aliizungushia michai uzio. Kwa kuwa hakujua kuchuma, na vibarua aliowaleta walikata na vigogo, alimpigia simu Mwalimu Edvina, kwa heshima zote, akamwomba awe anakuja kuchuma kila Jumamosi kwa ujira wa kawaida. Edvina alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi ya kwanza alifunga kitenge kiunoni, akaingia mstarini, akainamia mchai wa kwanza. Alichuma chipukizi na majani mawili, kama alivyofundishwa, na kwa sauti ya darasani, inayofika mpaka dawati la nyuma, akasema: "Mimi ni Edvina, binti Kokugonza. Leo ni Jumamosi. Nachuma chai ya mama yangu." Alisema hivyo kwenye kila mchai, mara mia mbili na kumi na mbili. Wanawake wa mistari ya jirani walimsikiliza kwa asubuhi moja. Mchana nao wakaanza kusema yao: jina, tarehe, nani alichukua nini. Msimamizi alimpigia Nathanael kumuuliza kama inaruhusiwa. Nathanael aliuliza kama inapunguza uzito wa majani. Haikupunguza, ikaruhusiwa.

Krismasi ile Nathanael alikaribisha wageni nyumbani kwake kijijini, watu wa Mwanza, pamoja na baba yake. Mkewe alikuwa amenunua buli la maua kwa Mwamvita na kulifumia kofia. Saa kumi alasiri aliweka majani ya shambani kwao, mazima, vijiko viwili, akamimina maji na kufunika. Dakika ya tatu buli likasema kwa sauti ya darasani, "Mimi ni Edvina, binti Kokugonza. Leo ni Jumamosi. Nachuma chai ya mama yangu."

Wageni walisikiliza mpaka mwisho. Mmoja aliomba sukari. Nathanael alimpa.

"Ni kweli," alisema Ta Buberwa, kama ilivyoandikwa kwenye muhtasari, akasogeza kikombe chake aongezewe.